Je, Wajua? Nyota Iliyo Juu ya Timazi la Njoro

Je, wajua kwamba ukining'iniza timazi kwenye tawi la mti pale Njoro, Kenya, usiku wa katikati ya Januari, ukalala chali chini yake na kuufuata uzi kwa macho hadi mbinguni, yapata saa nne na nusu utaikuta nyota imetua karibu kabisa na mwisho wa mstari huo? Nyota hiyo ni Mintaka, mojawapo ya zile tatu zilizojipanga kwenye mshipi wa lile kundi la nyota liitwalo Jabari. Njoro iko kama theluthi moja ya digrii kusini mwa Ikweta, na Mintaka iko karibu vivyo hivyo kusini mwa ikweta ya mbinguni, yaani mstari wa Ikweta ukiuwaza umechorwa angani. Pengo linalobaki kati ya nyota na uzi ni chini ya robo ya upana wa mwezi mpevu. Nakuru mjini inaikaribia Mintaka zaidi hata kuliko Njoro, lakini Nakuru wana taa nyingi mno za kuwazuia kujivunia jambo hilo.

Jina lenyewe ni la Kiarabu na maana yake ni mshipi. Wanajimu wa Kiislamu waliziandika nyota kwa majina ambayo Wazungu waliyachukua yalivyo, wakayapinda kidogo tu.

Timazi hilo tutalirudia, kwa sababu mtu wa Njoro anayetaka kupiga picha za nebula na nyotamkia atalihitaji kuliko darubini. Nebula ni mawingu makubwa ya gesi na vumbi yaliyotanda kati ya nyota. Nyotamkia ni donge la barafu na vumbi linalolizunguka jua na kuota mkia likilikaribia. Wengi huiita kimondo, na hapo ndipo mambo huchanganyika: kimondo ni jiwe linalowaka likipita hewani kwa sekunde moja mbili, na likianguka huweza kubaki kama lile la Mbozi, Tanzania, lenye uzito wa tani 16 hivi. Nyotamkia haianguki wala haipiti kasi. Huonekana usiku baada ya usiku mahali pale pale karibu, ikisogea taratibu kama ng'ombe malishoni.

Je, wajua kwa nini kitabu cha maelekezo cha mpiga picha wa Ulaya hakimfai mtu wa Njoro? Dunia huzunguka digrii 15 kwa saa. Ukiweka kamera juu ya stendi, ukatumia lenzi ya milimita 50 na kuiacha shata wazi, baada ya sekunde kumi hivi nyota zinaanza kurefuka kama punje za mchele. (Wapiga picha hugawa 500 kwa urefu wa lenzi, jibu ndilo idadi ya sekunde walizonazo.) Nebula haitoshewi na sekunde kumi. Basi kamera hufungwa kwenye kifaa kinachogeuka polepole kinyume cha mzunguko wa dunia, na ekseli ya kifaa hicho lazima ielekee pale anga linapozungukia. Kule Ulaya mambo ni rahisi: Polaris, nyota ya kaskazini, imekaa karibu na mahali hapo, mtu huilenga na kazi imekwisha.

Njoro, Polaris iko kwenye upeo wa macho, nyuma ya vilima, miti na ukungu. Huioni. Ukigeuka kusini, hali ni ile ile, tena nyota iliyo karibu na ncha ya kusini ni hafifu mno hata kwa aliye Australia. Vifaa vingi vya dukani navyo vimetengenezwa kwa watu wa latitudo za digrii 30 hadi 60. Ukijaribu kulaza ekseli hadi karibu na sifuri, ama kifaa kinakataa kushuka, ama uzito wa kusawazisha unagonga mguu wa stendi. Ndiyo maana nimeshawasikia watu wakisema kwamba Ikweta ni mahali pabaya kwa kazi hii.

Mimi nasema ni kinyume chake, na ushahidi wangu ni vifaa viwili vya fundi mwashi. Cha kwanza ni pimamaji. Mahali ambapo ncha ya anga iko kwenye upeo wa macho, ekseli inayoielekea inalala tambarare kama meza. Mtu wa Toronto anahitaji kupima digrii 43 na dakika zake. Wewe unaweka pimamaji, kipovu kikikaa katikati umemaliza. Cha pili ni timazi. Nyota iliyo kwenye ikweta ya mbinguni, ukiitazama kutoka Ikweta, huchomoza mashariki kamili na kupanda wima, haiendi upande, hadi ifike utosini, kisha hushuka wima hadi magharibi kamili. Kwa hiyo saa yoyote Mintaka inapopanda, ning'iniza timazi, jipange hadi uzi uikate nyota, na hapo uko mbele ya mstari wa mashariki na magharibi usiokosea hata nusu digrii. Mraba kwa mstari huo ndio kaskazini na kusini. Dira ya simu pia itakusaidia, maana sehemu hizi sindano haikosei kaskazini halisi kwa zaidi ya digrii moja au mbili. Ila usiiweke juu ya boneti ya gari au karibu na mabati.

Je, wajua kwamba kifaa cha kufuata nyota kinaweza kutengenezwa na fundi yeyote wa jua kali kwa mbao mbili, bawaba na bolti? Wazo hilo lilichapishwa mwaka 1975 na George Haig wa Glasgow, Scotland, na bado linatumika. Mbao mbili zinaunganishwa kwa bawaba upande mmoja kama jalada la kitabu. Upande wa pili, bolti inapita kwenye nati iliyozamishwa katika ubao wa chini na kuusukuma ubao wa juu, ambao umebeba kamera. Ukitumia bolti ya M6, ile inayofunguliwa kwa spana ya 10, kila mzunguko mmoja huinua ubao kwa milimita moja. Toboa tundu la bolti milimita 228 na nusu kutoka katikati ya bawaba, zungusha mara moja kwa dakika, na ubao utageuka kwa mwendo wa dunia yenyewe. Hesabu si ya kichawi: dunia hugeuka robo digrii kwa dakika, na milimita moja ikigawanywa kwa milimita 228 na nusu ndiyo robo digrii hiyo.

Njoro, bawaba inalala chini ikielekea kaskazini na kusini, upande wa magharibi. Bolti iko mashariki na inausukuma ubao uinamie machweo. Huhitaji kabari wala stendi ya kuinamisha. Meza ya nje inatosha, mradi isitikisike. Kwa lenzi ya kawaida utapata dakika kadhaa kwa picha moja badala ya sekunde kumi, na mkono ukichoka unaweza kufunga mota ndogo iliyotolewa kwenye printa mbovu.

Picha ya kwanza kabisa ya nebula ilichukua dakika 51. Aliyeipiga ni Henry Draper, daktari wa New York, usiku wa Septemba 30, 1880, na alichokilenga ni kile kile ambacho kila anayeanza leo hukilenga: Nebula ya Jabari, inayoning'inia chini ya mshipi mahali pa upanga. Kwa macho matupu ni nyota iliyofifia kingo. Miaka mitatu baadaye Andrew Common, mhandisi wa mabomba aliyekuwa na darubini kwenye bustani ya nyumba yake Ealing, London, alipiga picha ya nebula hiyo hiyo iliyoonyesha nyota ambazo jicho halikuwa limeziona hata kupitia darubini. Hilo ndilo lililowashtua wataalamu: kumbe bamba la kioo lililopakwa dawa linaona kuliko jicho! Jicho huona kilichopo sasa hivi na kusahau, bamba hukusanya. Mwaka 1888 Williamina Fleming, aliyeanza kazi Marekani kama mtumishi wa nyumbani kabla ya kuajiriwa na kituo cha kutazama nyota cha Harvard, aligundua kwenye bamba kivuli chenye umbo la kichwa cha farasi, karibu kabisa na nyota ya tatu ya mshipi ule ule. Hakuhitaji kutazama juu. Alikuwa ameinamia kioo mezani.

Nebula ya Jabari iko umbali ambao nuru huusafiri kwa miaka 1,300 na zaidi. Nuru itakayoingia kwenye kamera yako Januari iliondoka kule kabla Waswahili wa Shanga, kisiwani Pate, hawajajenga msikiti wao wa kwanza wa mbao. Na ikifika Njoro inafika vizuri kuliko inavyofika London. Kule nebula hiyo hupanda theluthi ya anga tu na ushei, kwa hiyo nuru yake hupita kwenye hewa karibu maradufu. Njoro, nebula inapita digrii tano tu kutoka utosini, na mji wenyewe uko mita 2,100 na zaidi juu ya bahari, maana yake zaidi ya moja ya tano ya hewa yote ya dunia iko chini ya miguu yako. Tatizo ni shingo. Kitu kilicho utosini humlazimisha mtu kupiga magoti chini ya kamera kwenye majani yenye umande, akiomba Mungu kioo cha nyuma kiwe kile kinachokunjuka.

Je, wajua kwa nini nebula ni nyekundu pichani na kijivu machoni? Gesi nyingi kule ni hidrojeni, nayo ikichokozwa na nyota changa zenye joto hutoa nuru nyekundu ya aina moja mahususi. Chembe za jicho zinazofanya kazi gizani hazioni nyekundu. Kamera inaiona, ila kiwanda kimeweka mbele ya kihisi chake kichujio kinachozuia sehemu kubwa ya wekundu huo ili nyuso za watu zisitoke kama zimepakwa rangi. Ndiyo sababu baadhi ya watu huchukua kamera kuukuu, wakaifungua, wakakiondoa kichujio. Fanya hivyo kwa kamera ya pili, si ile ya kupigia picha za harusi. Nebula ya Jabari ina nuru ya kutosha hata na kichujio. Kichwa cha Farasi ndicho kitakachokutesa.

Udhaifu huo wa jicho una faida yake: nuru nyekundu hafifu haiharibu macho yaliyozoea giza. Karatasi nyekundu ya plastiki iliyofungwa kwenye tochi ya simu inatosha. Macho huchukua nusu saa kuzoea giza vizuri, na simu moja ikiita mfukoni huyarudisha mwanzo.

Siri kubwa ya picha unazoziona magazetini haiko kwenye kamera. Iko kwenye wingi. Mpiga picha hupiga picha 100 za kitu kile kile, kisha programu kama Siril au DeepSkyStacker, zote mbili za bure, huzilaza moja juu ya nyingine nyota kwa nyota. Chengachenga za kamera hutokea ovyo, kila picha na zake, hivyo hufutana. Nuru ya nebula iko mahali pamoja, hivyo hujumlishwa. Picha 4 hupunguza chenga kwa nusu, picha 100 huzipunguza mara kumi. Ukitaka mara ishirini utahitaji picha 400, na hapo ndipo mtu hujua kama kweli anaupenda mchezo huu. Simu nazo zimejifunza ujanja huo: tangu mwaka 2019 kuna simu zinazojumlisha picha za dakika nne zenyewe, mradi uzisimamishe pasipo kutikisika.

Giza lenyewe ni mali ya Njoro, na linapungua. Nakuru, iliyotangazwa jiji Desemba 1, 2021, iko upande wa mashariki, na mwanga wake hupanda kama moshi wa rangi ya chungwa. Kila kinachochomoza kinapitia kwenye moshi huo, subiri kipande juu. Magharibi na kusini ni afadhali, kwa sababu huko kuna mteremko wa Mau, msitu, na mashamba ya ngano yanayopanda kuelekea Mau Narok. Ngano iliyovunwa huacha upeo mpana usio na mti. Adui mwingine ni taa ndefu za sokoni, mulika mwizi, ambazo mtu hawezi kuzilaumu bila kuonekana anawatetea wezi. Ukuta wa nyumba au blanketi lililotundikwa kwenye kamba ya nguo litakukinga nazo.

Mwezi ndio taa kubwa kuliko zote. Wavuvi wa dagaa wa Pwani na wa Ziwa Victoria hungoja siku za giza, na mpiga picha wa nebula hufuata kalenda yao: wiki ya mwisho ya mwezi hadi siku tatu nne baada ya mwezi kuandama. Halafu kuna mawingu. Mvua za Njoro huja kwa wingi Aprili na Mei, zikarudi Agosti. Kiangazi kizuri ni Desemba hadi Februari, na kwa bahati ndio msimu wa Jabari. Kitovu cha Njia Nyeupe, kule kwenye nyota za Nge na Kausi, hufikia kilele chake, upande wa kusini wa utosi, usiku wa manane mwezi Juni na Julai, wakati ambao unaweza kukaa wiki mbili ukitazama wingu tu. Dawa yake ni kuamka saa kumi za alfajiri mwezi Februari au Machi, kabla masika hayajaingia, ukikute kitovu hicho kimeshachomoza kusini mashariki. Usiku wa Njoro ni wa baridi, na umande hulala kwenye lenzi kama unavyolala kwenye kioo cha gari. Watu hufunga soksi yenye kifuko cha joto kuizunguka.

Giza lenyewe halichelewi. Ikweta, jua huzama wima, na baada ya saa moja na robo hivi anga ni jeusi kabisa. Usiku ni wa saa kumi na mbili mwaka mzima, ndiyo maana saa ya Kiswahili inayoanza kuhesabu jua likichomoza inafaa huku na haingefaa kwingineko. London, kuanzia mwishoni mwa Mei hadi Julai ya kati na zaidi, giza kamili haliji hata usiku wa manane, na wapiga picha wa huko hufunga vifaa vyao kabatini.

Tena Njoro unapata anga lote. Andromeda, ambayo Al-Sufi wa Isfahan aliitaja kama wingu dogo mwaka 964, inapita nusu ya anga upande wa kaskazini. Iliendelea kuitwa nebula hadi miaka ya 1920, Edwin Hubble alipoonyesha kwamba ni kundi kubwa la nyota kama hili letu la Njia Nyeupe; leo tunajua liko umbali wa miaka ya nuru milioni 2.5. Upande wa kusini kuna Nebula ya Carina, kubwa kuliko ile ya Jabari karibu mara nne kwa eneo la kutazamwa, ambayo mtu wa London hataiona maisha yake yote asipopanda ndege. Na katikati kuna Kilimia, kile kikundi cha nyota sita kilichowaambia wakulima wakati wa kulima. Wamaasai wanakiita Ngokwa, Wanandi Koremerik, na wote wamekihusisha na mvua. Wachache wanajua kwamba Kilimia nacho kimezungukwa na nebula, ya buluu, kwa sababu nyota zake zinapita kwenye wingu la vumbi na kulimulika. Ndugu wawili wa Paris, Paul na Prosper Henry, waligundua sehemu yake kwa kamera mwaka 1885. Kwa mashine ya bawaba na picha mia, ubuluu huo unatoka.

(Kidogo pembeni: bwana aliyeanzisha shule ya kilimo Njoro mwaka 1939, ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Egerton, alikuwa mpenda kamera na mpenda anga. Maurice Egerton alipata leseni ya urubani nambari 11 ya Uingereza mwaka 1910. Ngome aliyojijengea kule Ngata bado ipo na watu huenda kupiga picha za arusi. Sijasikia kwamba aliwahi kuelekeza kamera yake juu usiku, na kwa mtu aliyekuwa na fedha, muda na giza lile, naona ni hasara.)

Sasa nyotamkia. Je, wajua kwamba picha ya kwanza ya nyotamkia haikupigwa na mwanaastronomia? William Usherwood, mchoraji wa picha ndogo za watu kule Surrey, Uingereza, aliipiga nyotamkia ya Donati Septemba 27, 1858, kwa sekunde saba. Kituo cha Harvard kilifaulu usiku uliofuata. Mwaka 1882 nyotamkia kubwa ilipotokea, David Gill wa kituo cha Cape Town alikuwa na darubini nzuri lakini hakuwa na ujuzi wa kamera, akamwita mpiga picha wa mtaani amsaidie. Walifunga kamera ya kawaida juu ya darubini. Picha ilitoka na mkia mzuri, na nyuma yake nyota nyingi kiasi kwamba Gill aliamua kuipiga picha mbingu yote ya kusini. Katika mambo haya mtaalamu na fundi wa picha za pasipoti wamekuwa wakihitajiana tangu mwanzo.

Nairobi nayo ina yake. Novemba 1, 1948, asubuhi, kivuli cha kupatwa kwa jua kilipita Kongo, Uganda na Kenya, Nairobi ikiwemo. Jua lilipozibwa kabisa, waliokuwa wakitazama waliona karibu nalo kitu ambacho hakuna aliyekuwa na habari nacho: nyotamkia yenye mkia, iliyofichwa na mwangaza wa mchana hadi dakika ile. Inaitwa mpaka leo Nyotamkia ya Kupatwa kwa Jua ya 1948. Siku zilizofuata ilijitokeza alfajiri, na mkia wake ukafika digrii 30, yaani upana wa ngumi tatu hivi zilizopangwa pamoja, mkono ukiwa umenyooshwa mbele ya uso.

Nyotamkia nyingi zinazovutia hukaa karibu na jua, na hapa tena Ikweta inatoa zawadi. Njia inayopitwa na jua na sayari, ukiitazama kutoka Njoro, daima imesimama karibu wima juu ya upeo. Kitu kilicho kwenye njia hiyo, digrii 15 kutoka jua, kinakuwa juu angani karibu digrii zote 15 jua linapogusa upeo. Ulaya, majira mengine, njia hiyo hulala ubavu na kitu kile kile kinazama na jua. Mfano wa karibuni ni Tsuchinshan–ATLAS, iliyogunduliwa mwanzoni mwa 2023 na kituo cha China na darubini ya ATLAS iliyoko Sutherland, Afrika Kusini. Ilizunguka jua Septemba 27, 2024. Mwisho wa mwezi huo ilionekana mashariki kabla ya alfajiri, kisha kuanzia Oktoba 12 hivi ikahamia magharibi baada ya machweo. Kwa mtu wa Njoro, ile ya asubuhi ilikuwa juu ya mwanga wa Nakuru na ile ya jioni juu ya weusi wa Mau. Kama ningepewa kuchagua, nisingeamka.

Kuipiga picha kuna mtego. Nyotamkia husogea kati ya nyota, kwa hiyo ukizilaza picha mia nyota kwa nyota, nyotamkia inageuka mlia. Ukizilaza kwa kufuata kichwa cha nyotamkia, nyota ndizo zinazokuwa milia. Wataalamu hufanya mara mbili, kisha huunganisha, na wengine hubishana kama huo ni ukweli au ulaghai. Angalia pia rangi: kichwa mara nyingi ni kijani kwa sababu ya molekuli za kaboni pacha zinazowaka kwenye mwanga wa jua, lakini mwanga huo huo huzivunja kabla hazijafika mkiani, ndiyo maana hutaona mkia wa kijani. Mikia yenyewe ni miwili. Mmoja wa vumbi, mpana na uliopinda, mwingine wa gesi, mwembamba na wa buluu, na yote hutazama mbali na jua hata nyotamkia inapoondoka, ikitembea kinyumenyume kama mtu anayetoka mbele ya mfalme.

Asiye na kamera naye ana nafasi. Chombo cha SOHO, kilichorushwa mwaka 1995 kutazama jua, kimekuwa kikituma picha zake kwenye intaneti, na ilipofika Machi 2024 nyotamkia 5,000 zilikuwa zimetambuliwa humo, nyingi na watu wa kawaida waliokaa mbele ya kompyuta zao. Gennady Borisov wa Crimea yeye alijenga darubini yake mwenyewe, na Agosti 30, 2019 akakuta nayo nyotamkia iliyotoka nje kabisa ya himaya ya jua letu, ya kwanza ya aina yake kujulikana. Mkenya anayetaka kuanzia kwenye jicho la darubini anaweza kuwatafuta Susan Murabana na Daniel Chu Owen, ambao tangu 2014 wamekuwa wakizunguka na darubini yao shuleni na mashambani.

Halley, maarufu kuliko zote, ilipita 1986 na itarudi 2061. Lakini vumbi lake liko njiani kila mwaka, na dunia hulipitia mara mbili. Mei kuna mawingu. Oktoba, usiku wa tarehe 21 hivi, vimondo vyake hutoka upande wa Jabari kwa mwendo wa kilomita 66 kwa sekunde. Iweke ile mbao yako mezani, pimamaji lilale, bolti ianze kuzungushwa saa tisa na nusu. Inapogonga saa kumi na dakika chache, mbwa wa jirani wakiwa wamechoka kubweka, Mintaka iko juu ya timazi, shata iko wazi, na punje moja ya Halley ikipita katikati ya fremu itaacha mstari mwembamba, kijani mwanzoni, mweupe mwishoni.